RABA YA MILIONI: UNANUNUA MBIO AU UNANUNUA JINA?

Jumamosi moja alfajiri jitahidi uamke, ukae kando ya barabara yoyote ya Dar ambako vikundi vya jogingi hupita. Usiangalie fulana, maana fulana zote ni za aina moja, zimeandikwa jina la benki au la kampuni ya simu. Angalia miguu. Hapo ndipo utaujua ukweli wa mji huu.

Utaona raba za rangi ya chungwa lililoiva, za waridi, za kijani cha limau, zenye soli nene kama mkate wa kumimina. Mwenye nazo anahema dakika ya tano tu tangu filimbi ilie, kitambi kinamtangulia, lakini miguuni amevaa kitu alichokivaa bingwa wa Olimpiki! Nyuma yake anakuja kijana mwembamba mwenye raba iliyofungwa kwa kamba ya katani, anampita kama hamuoni. Na wala hageuki.

Sasa mpenzi msomaji, swali letu la wiki hii ni hili: huyu bwana wa kitambi nani alimwambia anunue raba ile? Ni kocha? Ni daktari? Ni miguu yake mwenyewe? Au ni tangazo?

Ukimuuliza atakukatalia katakata. Hakuna mtu duniani anayekubali kwamba ameshawishiwa na tangazo. Wote watakwambia "mimi naangalia ubora". Kumbe makampuni nayo hayalali, na hayamwagi mabilioni ya fedha kwa sababu ya kupenda kuona watu wakikimbia.

NDUGU WAWILI NA MJI WA KUINAMISHA SHINGO

Mambo haya hayakuanza jana. Ujerumani kuna mji mdogo unaitwa Herzogenaurach. Humo waliishi ndugu wawili wa baba mmoja mama mmoja, Adolf na Rudolf Dassler, wakishona viatu vya michezo pamoja. Mwaka 1936, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Berlin, Mmarekani mweusi Jesse Owens alitwaa medali 4 za dhahabu, na alikuwa amevaa viatu vya akina Dassler. Hapo ndipo mafundi wale walipong'amua kwamba mguu wa bingwa unauza kuliko duka.

Baadaye ndugu wakagombana, wakaachana kabisa. Adolf, ambaye kwa kifupi aliitwa Adi, akaanzisha Adidas. Rudolf akavuka mto akaanzisha Puma. Mji mzima ukagawanyika. Ukapewa hata jina la utani, mji wa watu wanaoinamisha shingo, kwa sababu kabla ya kumsalimia mtu ulitakiwa kwanza uangalie amevaa viatu vya nani!

Vita vyao ndivyo vilivyozaa udhamini tunaoujua leo. Mwaka 1960 kule Roma, Mjerumani Armin Hary alishinda mbio za mita 100 akiwa amevaa Puma. Alipopanda jukwaani kuvishwa medali, watu wakatoa macho: amevaa Adidas! Mshikaji alitaka kula huku na huku. Mpaka michezo ya Mexico ya mwaka 1968, bahasha zenye mshiko zilikuwa zinapenyezwa kwa wanariadha kama njugu, wakati sheria ya enzi hizo ilimkataza mwanariadha hata kupokea senti.

Lakini Roma hiyohiyo ya 1960 ndiyo iliyowatia aibu wauza viatu wote. Mhabeshi mmoja ambaye hakuna aliyekuwa akimfahamu, Abebe Bikila, askari wa walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alikimbia maratoni nzima, kilometa 42 na ushee, peku! Peku peku, bwana, juu ya mawe ya barabara za Kirumi, akashinda kwa muda wa saa 2 dakika 15 sekunde 16. Dunia ikashika kichwa.

Ungedhani biashara ya viatu vya mbio ingekufa siku ile. Wapi! Mwaka uliofuata Bikila alikwenda Japani kukimbia maratoni ya Osaka. Mjapani mmoja, Kihachiro Onitsuka, mwenye kiwanda cha viatu vya Tiger, akamfuata, akambembeleza mpaka akakubali kuvaa viatu vyake. Bikila akavaa, akashinda. Mwaka 1964 kule Tokyo akatetea dhahabu yake ya Olimpiki, safari hii miguuni ana Puma. Kwa hiyo aliyewaonyesha watu kwamba kiatu si lazima akawa ndiye bango la kuuzia kiatu. Kampuni ile ya Onitsuka ndiyo leo unaiona madukani kwa jina la Asics.

Sisi Watanzania tunalo la kujisifia hapo. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 sekunde 32.16, hakuna shabiki wa hapa aliyekimbilia dukani kuulizia kiatu chake. Duka gani? Watoto wa shule wa enzi hizo mbio zao walikimbia peku au kwa raba mtoni, na aliyekuwa na raba mtoni alionekana mtoto wa kishua.

ASILIMIA NNE ILIYOTIKISA DUNIA

Turudi kwenye zama zetu. Tarehe 6 Mei 2017, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza, Italia, Nike waliandaa shughuli ambayo sijui tuiite mashindano au tangazo la biashara. Waliwachukua wakimbiaji watatu, Eliud Kipchoge wa Kenya, Zersenay Tadese wa Eritrea na Lelisa Desisa wa Ethiopia, wakawawekea gari mbele na kundi la wenzao wa kuwakinga upepo kwa zamu. Lengo, kukimbia maratoni chini ya saa 2. Kipchoge akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Kwa sababu ya wale wasindikizaji wa kupokezana, muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi. Lakini nani alijali rekodi? Dunia nzima ilikuwa imekodolea macho miguu yake.

Miezi miwili tu baadaye kiatu kikaingia sokoni kwa dola 250 za Kimarekani. Na jina lake je? Vaporfly 4%. Hebu tafakari ujanja huo. Tangazo halipo tena kwenye bango, limo ndani ya jina la kiatu. Ukilitaja tu umeshajiambia kwamba utaongeza asilimia 4!

Hapa lazima tuwe wakweli, maana kazi yetu si kuponda tu. Ile asilimia 4 haikuokotwa barabarani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapima wakimbiaji 18 hodari, wakakuta kwamba wakivaa kiatu kile walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 kuliko wakivaa viatu vingine viwili vya mbio. Siri ilikuwa povu jipya jepesi linalorudisha nguvu ya mguu, pamoja na bamba la kaboni ndani ya soli. Ni kweli utafiti ulilipiwa na Nike wenyewe na baadhi ya waliouandika ni watu wa Nike, kwa hiyo wengi wakaguna. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere tunaijua.

Lakini mwaka 2018 gazeti la New York Times likachimba kivyake. Likakusanya matokeo ya karibu nusu milioni ya maratoni na nusu maratoni yaliyowekwa na wakimbiaji wa kawaida kwenye mtandao wa Strava. Likakuta waliovaa kiatu kile walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 3 hadi 4 kuliko wenzao wa kiwango kilekile waliovaa viatu vingine. Ngedere akaamua, na nyani akashinda kihalali.

Ndiyo maana Januari 2020 shirikisho la riadha duniani likalazimika kuingilia kati. Likasema soli isizidi milimita 40, bamba liwe moja tu, na viatu vya kushindania viwe vinapatikana madukani, siyo vya siri vya mtu mmoja.

Na wiki chache baadaye, Februari 2020, wakati Wamarekani wakichagua timu yao ya maratoni ya Olimpiki kule Atlanta, Nike wakafanya promosheni ya mwaka. Kila aliyefuzu kushiriki, awe mtu wao au siyo, akapewa bure jozi ya raba mpya kabisa ya Alphafly. Bure! Kwa wanaume mtego ulinasa: Galen Rupp, mtu wa Nike mwenyewe, akawa wa kwanza, na wa pili akawa Jake Riley, ambaye hakuwa na mkataba na kampuni yoyote, akiwa na raba hiyo ya zawadi miguuni. Lakini kwa wanawake aliyeshinda ni Aliphine Tuliamuk, mzaliwa wa Pokot Magharibi nchini Kenya, na yeye alivaa Hoka, kampuni iliyokuwa ikimlipa.

WAJAPANI WALIVYOTOA JIBU

Kama unataka jibu la swali letu lisilo na longolongo, nenda Japani. Kila tarehe 2 na 3 Januari kuna mbio za kupokezana za wanafunzi wa vyuo vikuu zinaitwa Hakone Ekiden, kutoka Tokyo hadi mlimani Hakone na kurudi. Timu 21, kila timu watu 10, jumla watu 210. Japani nzima hukaa mbele ya televisheni kama sisi siku ya Simba na Yanga. Na Wajapani kwa kupenda kuhesabu, kila mwaka wanahesabu hata viatu.

Mwaka 2020 kati ya vijana hao 210, vijana 177 walivaa Nike. Mwaka 2021 wakafika 201. Na Asics, kampuni ya nyumbani, kampuni ya mzee Onitsuka aliyembembeleza Bikila, ilipata wangapi mwaka huo? Sifuri! Hata mmoja! Kwa Mjapani hiyo ni sawa na kukuta harusi ya Kipemba isiyo na biriani.

Utamu wa habari uko kwenye chuo cha Aoyama Gakuin. Hawa fulana zao zilikuwa za Adidas, kampuni iliyokuwa ikiidhamini timu. Lakini mwaka 2020 vijana wote 10 walishuka barabarani na Nike za rangi ya waridi miguuni. Juu mistari mitatu, chini alama ya vema! Na wakachukua ubingwa.

Unaona hapo? Vijana wale walikuwa na kila sababu ya kushawishika upande mwingine. Mdhamini wao alikuwa Adidas. Uzalendo uliwavuta kwa Asics. Lakini saa ya mkononi ilisema Nike, wakaifuata saa. Kisha Asics wakajifungia ndani, wakakusanya wataalamu wao, wakatoka na kiatu cha bamba mwaka 2021, nao Adidas wakatoka na vyao. Mwaka 2025 Adidas ndiyo iliyoongoza kwenye hesabu ya Hakone, na Nike ikawa imepitwa hata na Asics. Wateja wale wote, miaka minne tu, wamehama! Matangazo ya Nike hayakupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba wengine nao walitengeneza kiatu kinachokimbia.

Kwa hiyo kwa mtu anayekimbia kwa kupimwa, tangazo linamfikisha mlangoni tu. Akishaingia, saa ndiyo inayoamua.

KWA BINGWA, KALAMU NDIYO INAYOCHAGUA

Lakini usije ukadhani mabingwa unaowaona kwenye televisheni wamechagua. Wale wamechaguliwa! Mkimbiaji mwenye mkataba anavaa kilichoandikwa kwenye mkataba, hata kikimsaliti.

Mnakumbuka Berlin, Septemba 2015? Kipchoge alipewa raba ya majaribio. Mbio zimeanza vizuri tu, mara kitambaa cha ndani ya kiatu kikaanza kuchomoka nyuma ya kisigino. Mguu mmoja, kisha mwingine. Mzee mzima anakimbia na vitambaa vinapepea kama masikio ya mbuzi, kilometa baada ya kilometa, mbele ya kamera za dunia nzima. Akashinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili. Mtu mwingine angesusa. Ila ukifikiri sana, tangazo gani la Kipchoge kuliko lile? Limetangaza miguu, siyo raba.

Tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, kwa shughuli nyingine ya aina ileile ya Monza, aliivunja saa 2 kwa kukimbia saa 1 dakika 59 sekunde 40, na miguuni alikuwa na mfano wa Alphafly. Kuanzia hapo kila muuza raba kuanzia Nairobi mpaka Kariakoo anajua jina moja tu la kumtajia mteja.

Adidas nao hawakukubali kulala. Septemba 2023 wakatoa raba ya gramu 138 tu kwa saizi ya kawaida ya kiume, nyepesi kuliko simu nyingi za mkononi. Bei, dola 500, yaani zaidi ya shilingi milioni moja ya kwetu. Wakatengeneza jozi 521 tu kwa kuanzia. Na wenyewe wakasema bila kuona haya kwamba kiatu hicho ni cha kukimbilia maratoni moja, ukijumlisha na muda wa kukizoea. Moja! Tarehe 24 Septemba Mhabeshi Tigst Assefa akakivaa Berlin, akaivunja rekodi ya dunia ya wanawake ya wakati huo kwa zaidi ya dakika 2, akamaliza kwa saa 2 dakika 11 sekunde 53. Baada ya kumaliza akakivua, akakinyanyua, akakibusu. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Wiki ileile kila mtu alikuwa anaulizia raba ambayo haikuwepo. Wafanyabiashara wanajua siku nyingi kwamba mtu humtaka zaidi mchumba anayeambiwa keshaposwa.

Hapa ndipo roho inapouma. Huko Iten, Kenya, na kwetu Arusha, Manyara na Singida, kuna vijana wanaoamka saa kumi na moja alfajiri bila mkataba wowote. Zamani mtu kama Bikila angeweza kuja peku akawashika wote. Leo kijana huyo akisimama mstari mmoja na mwenye raba ya dola 250, ameshaachwa kabla bastola haijalia. Asilimia 3 kwenye maratoni ya saa 2 na dakika 10 ni karibu dakika 4. Kwa dakika 4 wakala hata jina lako haulizi. Kwa huyu, raba ni nauli ya kutokea kijijini, wala hana muda wa kuangalia tangazo. Na anayepata aliyoachiwa na kaka aliyetoka Ulaya, anaivaa siku ya mashindano tu, siku nyingine inalala kwenye mfuko juu ya kabati kama nguo ya Idi.

Tena hata kwa hao hodari, kiatu hakina upendeleo mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima Wakenya 7 wa kiwango cha dunia wakiwa na raba hizi za kisasa dhidi ya raba bapa. Yupo aliyefaidika kwa zaidi ya asilimia 11. Na yupo aliyeharibikiwa kwa zaidi ya asilimia 11! Raba ileile, teknolojia ileile. Kipimo cha mwenzio kisikudanganye.

SASA WEWE NA MIMI

Tuje kwetu sisi wa Jumamosi. Sisi hatupimwi na saa. Tukichelewa hakuna anayejua, tukiwahi hakuna anayejali. Ndiyo maana sisi ndio mboga ya wauza matangazo.

Mwaka 2008 lilichapishwa jaribio la watu wa Dundee, Scotland. Walichukua raba za kampuni tatu, za bei tatu: pauni 40 hadi 45, 60 hadi 65, na 70 hadi 75. Wakaziba majina na bei, wakawavalisha wanaume 43 na kupima shinikizo chini ya nyayo. Matokeo? Za bei ya chini na ya kati zilikinga mguu sawasawa na za bei ghali, na pengine kuliko. Hata starehe ya mguu haikufuata bei. Ukiondoa jina, mguu haujui bei.

Jaribio jingine ni la kuchekesha zaidi, ingawa ukilifikiria linatisha. Mwaka 1997 Steven Robbins na Edward Waked waliwachukua vijana wa kiume 15, wakawaambia washuke kwa mguu mtupu juu ya kipimo kilichofunikwa kwa malighafi ya soli. Malighafi yote ni moja, ila imepakwa sura tofauti na kila moja ikapewa maneno yake. Hii wakaambiwa ni kinga ya hali ya juu. Hii wakaambiwa ni mbovu, itawaumiza. Hii haikusifiwa wala haikupondwa. Basi kwenye ile waliyoambiwa ni mbovu wakatua taratibu, kwa adabu. Kwenye ile iliyosifiwa wakajibwaga kwa kishindo kikubwa zaidi! Maneno matupu yameongeza kishindo mguuni. Kwa hiyo tangazo linaweza kupenya mfukoni kwako, likashuka mpaka kwenye goti.

Hata Uswisi, baada ya mbio za kilometa 16 za Bern za mwaka 1984, waliwahoji wanaume zaidi ya 4,000 na kukuta kwamba wenye raba za bei mbaya ndio walioripoti kuumia zaidi. Usikimbilie kusema raba ghali inaumiza. Inawezekana aliyeumia ndiye aliyekwenda kununua ghali akitafuta dawa. Ila lililo wazi ni kwamba bei haikuwakinga.

Wapo waliofikishwa hata mbele ya sheria. Mwaka 2011 Reebok walikubali kulipa dola milioni 25 kule Marekani kwa kudai viatu vyao vinakaza makalio na mapaja. Mwaka 2012 Skechers wakakubali dola milioni 40 kwa madai ya namna hiyohiyo. Shoga zangu mlioviagiza ili mpate shepu, poleni.

Halafu ikaja fasheni ya kinyume. Mwaka 2009 Mmarekani Christopher McDougall aliandika kitabu kiitwacho Born to Run kuhusu Watarahumara, Wahindi wa milima ya Mexico wanaokimbia masafa marefu na ndala za matairi ya gari. Yaani katambuga, bwana! Zilezile za Wamasai wetu. Ni kweli mwaka 1993 mzee wao wa miaka 55, Victoriano Churro, alishinda mbio za maili 100 za Leadville, Colorado, na ndala miguuni. Wazungu wakachanganyikiwa, wakataka kukimbia peku. Na ukitaka kumuuzia mtu upeku unafanyaje? Unamshonea kiatu chenye vidole vitano kama glavu, unamwambia hiki ndicho peku yenyewe. Vibram wakauza kweli kweli, mpaka mwaka 2014 walipokubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya madai kwamba kiatu hicho kinaimarisha misuli na kuzuia maumivu. Hata utupu una bei siku hizi.

Mtu akiniuliza, basi nifuate nini? Kwa maoni yangu fuata mguu. Nenda dukani jioni, mguu umeshavimba kidogo, vaa raba zote mbili, simama, trotitroti hata hatua ishirini, na uache upana wa kidole gumba mbele. Ikikubana pale dukani usidanganywe kwamba "itaachia". Jeshi la Marekani liliwahi kuwagawia makuruta viatu kwa kuangalia umbo la unyayo, huyu bapa huyu wa upinde, kama maduka makubwa yanavyofanya. Kuumia kulibaki palepale, kana kwamba hawakuchaguliwa chochote.

Na kama roho inataka kuvaa cha Kiafrika, kipo. Mwaka 2016 Navalayo Osembo wa Kenya na mwenzake Weldon Kennedy walichangisha fedha kwa wananchi kwenye mtandao na kuanzisha kampuni ya Enda, raba yao ya kwanza wakaiita Iten. Nao wanatumia tangazo, tena zuri: nchi inayoshinda kila maratoni kwa nini isiuze hata kiatu? Ni hoja ya moyoni, siyo ya saa. Mimi sioni ubaya, ili mradi ujue kwamba ni moyo wako ndio uliolipa.

Sisi wenyewe tuna mtaji huo tumeukalia. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, baada ya kumpiku Mjerumani Amanal Petros kule Tokyo kwa sekunde 0.03 tu. Sekunde 0.03 baada ya kilometa 42! Pua na pua. Wazungu wangekuwa na mtu kama huyo, leo kungekuwa na raba inayoitwa Sifuri Sifuri Tatu.

Mwisho, wale wateja wa mtumba wa Karume na kwingineko, msisahaulike. Kule nako matangazo yanafanya kazi, tena yamekuja bure kutoka Ulaya. Muuzaji hapangi bei kwa soli, anapanga kwa alama ya ubavuni. Raba isiyo na jina lakini soli nzima utaiacha kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, na yenye jina kubwa lakini soli imekufa utaambiwa bei ya kukutoa jasho. Kabla hujatoa hela, bonyeza soli kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo ubavuni kama uso wa bibi, povu limeshakwisha huko ilikotoka. Hizi raba za mashindano ndizo hufa mapema zaidi, mzungu ameshamaliza utamu wote ndiyo akaitupa. Igeuze, angalia kisigino kimelika upande gani, maana utaridhi mwendo wa mtu usiyemjua.

Na muuzaji akikuapia kwamba "bosi, hii ndiyo aliyovaa Kipchoge", muulize kwa upole: ile ya Vienna, au ile ya Berlin 2015?